Kitambaa cha duara kwa kroshia: shika hesabu ya 12

Somo la leo ni kile kitambaa kidogo cha duara cha kuwekea jagi, redio au chupa ya chai. Aliyekulia nyumba yenye makochi hahitaji kuelezwa. Wengi mnalalamika kwamba mnaanza vizuri, lakini mkifika duru ya nne kitambaa kinaanza vituko: ama kinajikunja kama bakuli, ama kinachanua kama kabichi. Kuna walioambiwa wana mkono mzito. Mkono hauna kosa hapo, ni hesabu imepotea njiani.

Mimi cha kwanza nilimfumia mama mkubwa, cha kuwekea chupa ya chai. Likizo nzima nilikuwa nacho mapajani. Kilipokwisha kilikuwa na kina cha kutosha kuvalika, mdogo wangu akakitia kichwani akaenda nacho chuoni, na mwalimu akamsifu kwa kofia nzuri. Mama mkubwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nihesabu nguzo zangu, yaani yale mafundo marefu ya kila duru. Sikuwa nimehesabu hata duru moja.

Vifaa. Uzi wa pamba namba 10 na kroshia, kile kijiti chenye ndoano, ya milimita 1.5. Kumbuka namba ya uzi ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo namba 20 usiiguse kwanza. Kama hujawahi kushika kroshia kabisa, anza na uzi mnene wa pamba na kroshia ya milimita 3, ili macho yaone unachofanya. Chagua rangi ya maziwa au nyeupe. Nyeusi inaficha matundu, na ukifuma usiku utaumia bure. Uzi wa sweta uache kwa sweta. Ongeza mkasi, sindano yenye tundu kubwa, na kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine. Hicho kipande ni alama yako, usikidharau.

Mafundo. Majina hayafanani kila mtaa, basi tukubaliane hapa. Mnyororo ni vile vitanzi vya kuanzia, kimoja ndani ya kingine. Nguzo: zungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ingiza kwenye tundu, vuta uzi, sasa una vitanzi 3, vuta uzi upite kwenye 2, vuta tena upite kwenye 2 vilivyobaki. Fundo fupi: bila kuzungusha uzi, ingiza, vuta, una vitanzi 2, vuta upite kwenye vyote. Kuunga: ingiza, vuta uzi upite kila mahali kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 1. Fuma mnyororo wa vitanzi 4, uunge mwisho na mwanzo upate pete.

Hatua ya 2. Panda vitanzi 3, yaani fuma mnyororo wa vitanzi 3 kwenda juu. Hivi vinahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Ndani ya pete fuma nguzo 11. Jumla 12. Unga kwenye kitanzi cha juu kabisa cha vile 3.

Hatua ya 3. Panda vitanzi 3, fuma nguzo 1 palepale chini yake, kisha nguzo 2 juu ya kila nguzo. Ukimaliza una 24.

Hatua ya 4. Sasa ni nguzo 1 juu ya moja, nguzo 2 juu ya inayofuata, mpaka mwisho. Jumla 36. Duru inayofuata ni 1, 1, halafu 2, unapata 48. Inayofuata tena 1, 1, 1, halafu 2, unapata 60. Umeshaona mwendo wake: kila duru unaongeza nguzo 12, basi. Nenda mpaka duru ya 10 uwe na 120. Kwa mkono wangu na uzi namba 10, hapo kitambaa kina karibu sentimita 13 kutoka ukingo hadi ukingo.

Tusimame hapa kidogo, maana somo lote liko hapa. Nguzo hupotea au kuzaliana sehemu moja tu: pale duru inapounganishwa. Vile vitanzi 3 vya kupandia havina sura ya nguzo, ni vyembamba na vimelala kidogo upande, kwa hiyo ukizunguka na kurudi unaviruka bila kujua. Umepoteza moja. Au unaingiza kroshia kwenye lile fundo la kuunga ukidhani ni kichwa cha nguzo. Umezidisha moja. Dawa yake ni kile kipande cha uzi wa rangi: kipitishe kwenye kitanzi cha tatu mara tu unapomaliza kupanda, na ukizunguka hapo ndipo utakapounga, si kulia kwake wala kushoto. Duru ikiisha, hesabu kwa kidole. Ikikosekana hata nguzo moja, fumua duru hiyo. Kufumua duru moja ni dakika chache. Kufumua sita ndiko kunakowafanya watu waache kroshia wakauze vitenge.

Na kwa nini 12? Chora duara mchangani kwa kijiti na kamba. Refusha kamba kwa kimo cha nguzo moja, chora tena. Ukingo wa nje umerefuka kwa vimo sita vya nguzo na ushee, liwe duara dogo kama kikombe au kubwa kama ungo. Nguzo moja kimo chake ni kama mara mbili ya upana wake, kwa hiyo vimo sita ni nafasi ya nguzo 12 zikikaa bega kwa bega. Ukifuma kwa fundo fupi, ambalo kimo na upana ni karibu sawa, nyongeza inakuwa 6.

Hatua ya 5, pindo. Fuma fundo fupi 1 penye alama. Ruka nguzo 2, fuma nguzo 5 zote kwenye tundu moja linalofuata, ruka 2, fundo fupi 1. Rudia. Kila ua namna hiyo linakula nguzo 6 za duru ya chini, na 120 ukigawa kwa 6 unapata maua 20 kamili bila kubaki kitu. La mwisho halihitaji fundo fupi, unaunga kwenye lile la kwanza. Kata uzi, ncha ipitishe na sindano ndani ya nguzo kadhaa, kwenda na kurudi. Usifunge fundo ukakata. Baada ya kufua mara tatu litachomoza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Dada, changu hakikuwa bakuli, kimechanua mawimbi mawimbi kama kabichi. Nimehesabu 12 kila duru. Naapa.

Jibu: Nakuamini. Basi kimo cha nguzo zako ni kifupi, unakaza uzi unapovuta mara ya kwanza. Nguzo fupi zinahitaji nyongeza ndogo, na wewe umeweka ya nguzo ndefu. Panda kwenye kroshia kubwa kidogo, 1.75, au vuta kile kitanzi cha kwanza mpaka kifikie vizuri kimo cha duru. Hicho cha kabichi usikitupe. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alifuma kwa kroshia maumbo ya namna hiyo makusudi, akizidisha nyongeza kwa utaratibu, ili wanafunzi washike kwa mikono aina ya jiometri iliyokuwa taabu kuonyesha kwa karatasi. Kosa lako lina wenyewe chuo kikuu.

Mwanachama wa Mombasa: Natumia mkono wa kushoto. Kila anayenifundisha nashindwa kumfuata.

Jibu: Usikae naye ubavuni, kaa mkitazamana, umfuate kama unavyojitazama kwenye kioo. Wa kulia duru yake inaelekea kushoto, yako itaelekea kulia. Hesabu haibadiliki hata moja.

Mwanachama wa Dodoma: Nilichanganya uzi mwekundu na mweupe, nikafua, sasa chote ni pinki.

Jibu: Pole sana. Safari nyingine kabla hujaanza, lowesha kipande cha uzi mwekundu, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, bonyeza kwa pasi ya moto. Ukiona doa, uzi huo ufumie kitu cha rangi moja. Hicho cha sasa kitie rangi nzima iliyokolea, mtu asijue.

Mwanachama wa Morogoro: Mwalimu, wanga unapiga wa nini? Bibi yangu alitumia maji ya sukari.

Jibu: Sukari inakausha kweli, ukingo unasimama kama sahani. Lakini sisimizi nao wana taarifa. Mimi nakoroga unga wa muhogo kwenye maji baridi, nachemsha uji mwepesi sana, nauchuja, unapoa, natumbukiza kitambaa, nakikamua bila kukisokota. Kisha nakitandaza juu ya kipande cha godoro na kukipachika pini, moja kila ua. Kikikauka hapo hakihitaji pasi.

Mwanachama wa Nairobi: Nimepata maelezo ya Kiingereza kwenye simu, nikafuata, kitambaa kimetoka kidogo mno, kigumu kama tambi mbichi.

Jibu: Tazama yameandikwa na nani. Kifupisho dc kwa Mmarekani ni hii nguzo yetu, kwa Mwingereza ni fundo fupi. Nguzo Mwingereza anaiandika tr. Umefuma fundo fupi mahali pa nguzo. Ukikuta sc mahali popote kwenye maelezo, basi ni ya Kimarekani, Mwingereza haitumii.

Mwanachama wa Mwanza: Wateja wananiambia lesi ya dukani ni rahisi kuliko yangu.

Jibu: Ile ya dukani imetoka kwenye mashine, hii imetoka kwenye vidole vyako, na hazishindani. Usipange bei kwa kumtazama mteja usoni. Andika uzi uliokwenda, andika saa ulizokaa, jiwekee malipo ya saa, jumlisha. Akisema ghali, mwonyeshe kimoja kidogo cha duru 5. Mimi seti ya makochi siianzi bila nusu ya pesa mkononi, nilishakaa na vitambaa 14 vya rangi ya zambarau ambavyo mwenyewe alibadilisha makochi.

Mwanachama wa Kigoma: Mimi mwanaume. Nikikaa barazani na kroshia wenzangu wananicheka, ila napenda.

Jibu: Kaka, huko Peru, kwenye kisiwa cha Taquile katika ziwa Titicaca, kofia za sufu wanafuma wanaume, na mvulana anaanza kujifunza angali mdogo. Wao hutumia sindano, si kroshia, lakini barazani wanakaa vilevile. Tuma picha ya duru yako ya 4, nikuhesabie.