Jinsi ya kuona jeni ya tribbles ikizuia mgawanyiko wa seli katika kiinitete cha nzi wa matunda

Katika mizunguko 13 ya mwanzo, viini vya kiinitete cha Drosophila hugawanyika karibu kwa pamoja bila kuta kati yao. Mzunguko wa 14 ndipo utando hujengwa, zikapatikana seli 6,000 hivi. Kuanzia hapo kila eneo hungoja jeni ya string iwashwe ndipo seli zake zigawanyike. Seli za tumboni, yaani mesodemu, huwasha string mapema, lakini hazigawanyiki mpaka ziwe zimezama ndani, kwa sababu protini ya Tribbles huifanya protini ya String ivunjwe. Kwangu mimi hakuna mfano bora wa jeni kupanga kazi mbili zisigongane, na unaweza kuuona kwa macho.

Hatua ya 1: Mayai ya umri sahihi

Waweke nzi kwenye kizimba chenye sahani ya agari ya juisi ya zabibu iliyopakwa hamira mbichi, nyuzijoto 25. Sahani ya kwanza itupe, maana majike huweza kuyabania mayai yaliyokwisha kurutubishwa, nayo yatakuharibia umri. Ya pili iache saa 1, iondoe, kisha isubiri saa 2 na nusu. Mesodemu huanza kukunjika karibu saa ya 3.

Nzi wenye kasoro ya tribbles huhifadhiwa pamoja na kromosomu balansa, yaani kromosomu maalumu inayobeba nakala nzima ya jeni ili kasoro isipotee, na robo tu ya viinitete ndivyo vyenye kasoro kwenye nakala zote mbili za jeni. Chagua balansa yenye lacZ, jeni ya alama inayotengeneza protini ya beta-galaktosidasi, inayowaka mapema. Alama za GFP (protini inayong'aa kijani) nyingi huchelewa, ukabaki unakisia.

Hatua ya 2: Kuvua maganda na kukaza tishu kwa kemikali

Loweka mayai kwenye jiki iliyopunguzwa nusu kwa maji, dakika 2, kisha suuza vizuri sana. Yatie kwenye heptani na formaldihaidi ya 4% kwa ujazo sawa, tikisa dakika 20 ndani ya kabati la kufyonza hewa. Ondoa tabaka la chini, ongeza methanoli, tikisa kwa nguvu. Yaliyovuliwa utando huzama. Chukua hayo tu.

Hatua ya 3: Kupaka rangi

Tumia kingamwili tatu: ya Twist, protini ya seli za mesodemu, kutambua mesodemu, ya histoni H3 (protini inayofungia DNA) yenye fosfeti kuonyesha seli zinazogawanyika, na ya beta-galaktosidasi kutenga viinitete vyenye balansa. Usiku mmoja, nyuzijoto 4.

Hatua ya 4: Kusoma picha

Anzia kichwani. Kwenye kiinitete cha kawaida utaona madoa ya H3 kichwani huku mfereji wa tumboni, pale mesodemu inapokunjika kuingia ndani, hauna hata moja. Madoa ya kichwani ndiyo ushahidi kwamba rangi imeshika. Bila hayo, mfereji mtupu hauthibitishi lolote. Kwenye kasoro ya tribbles, madoa hutokea ndani ya seli za Twist zikiwa bado juu, na mfereji huchelewa au huvurugika. Seli inayogawanyika huviringika, na miosini iliyokuwa ikibana upande wake wa nje hulegea.

Ongeza viinitete vyenye kasoro ya string ili kulinganisha. Humo seli hazigawanyiki kabisa katika mzunguko wa 14, lakini mfereji hujikunja. Vipige picha kwa mipangilio ileile ya hadubini, siku moja na vile vya tribbles.