SOMO: Kupima PR za watu wa nje kwenye GitHub Actions bila kuwagawia funguo zako

Wakuu, swali hili nimelijibu faragha mara nyingi mno. Leo naliandika mara moja, anayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Shabaha ni hii: mtu usiyemjua akileta PR (pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yake kwenye mradi wako), mashine ya GitHub Actions (huduma ya GitHub inayoendesha kazi za mradi kiotomatiki) iijenge programu na kuendesha majaribio kabla wewe hujakaa kuisoma.

1. Tengeneza faili `.github/workflows/jaribio.yml`. Hili ndilo faili la workflow, yaani orodha ya kazi ambazo mashine itazifanya.

2. Weka amri zilezile unazotumia kwenye kompyuta yako kujenga na kupima.

3. Chagua tukio, yaani kinachoiamsha workflow. Hapa tulia. Tukio sahihi ni `pull_request`. PR ikitoka kwenye nakala ya mradi (fork) ya mtu wa nje, tokeni (kibali cha muda ambacho workflow inakitumia kuufikia mradi) inakuwa ya kusoma tu, na siri za mradi, yaani funguo na nywila ulizozihifadhi GitHub, hazipelekwi. Lipo jingine, `pull_request_target`, linaloendeshwa kwa mamlaka ya mradi wenyewe: siri zinapatikana na tokeni inaweza kuandika. Mimi nililitumia kwa sababu majaribio yangu yalidai ufunguo wa hifadhidata, kisha nikaongeza mstari wa kuchukua msimbo wa mchangiaji na kuujenga. Ikaja PR ya kusahihisha tahajia. Ndani yake, kwenye skripti inayojiendesha wakati wa kusakinisha pakiti, kulikuwa na mstari unaotuma vigeu vya mazingira (thamani ambazo mashine inaipa programu, zikiwemo siri) kwenye seva ya nje, na ufunguo wangu ulikuwa humo. Niligundua kesho yake asubuhi. Nilibadilisha kila ufunguo, nikawaandikia watumiaji mmoja mmoja kuwaeleza.

ONYO: usitegemee zile nyota tatu zinazoficha siri kwenye logi (kumbukumbu ya kila kilichoendeshwa). Zinaficha maandishi yalivyo tu. Yakigeuzwa kwa base64 (njia ya kuandika data ileile kwa herufi nyingine) au yakitumwa nje moja kwa moja, hazizuii kitu.

ONYO LA PILI: majaribio yanayohitaji siri yaendeshe baada ya kuunganisha, kwenye tawi kuu. Ya PR yatumie hifadhidata ya muda inayowashwa ndani ya kazi hiyo hiyo na kuzimika kazi ikiisha.

4. Juu ya faili andika `permissions:` na chini yake `contents: read`, ili tokeni iweze kuusoma msimbo tu.

5. Weka `timeout-minutes: 15`. Usipoweka, kazi iliyokwama inaweza kukaa hadi dakika 360.

6. Akshoni za watu wengine (vipande vilivyo tayari unavyoviita kwenye workflow) zifunge kwa namba kamili ya commit yenye herufi 40, siyo kwa lebo kama v4, maana lebo inaweza kuhamishwa. Machi 2025 lebo za akshoni iitwayo tj-actions/changed-files zilielekezwa kwenye msimbo mbaya uliomwaga siri kwenye logi. Waliofunga kwa namba ya zamani hawakuguswa na zile lebo.

MASWALI

Swali: Mkuu, siri hazisomeki kwenye PR. Nimeweka pull_request_target imekubali. Kuna shida?

Jibu: Hatua ya 3. Ondoa leo, badilisha funguo leo.

Swali: Ila mimi mradi wangu mdogo, nani atahangaika nao?

Jibu: Wangu ulikuwa na watumiaji wasiozidi arobaini. Anayetafuta funguo hahesabu watumiaji.

Swali: Samahani mkuu, mchangiaji si anaweza kulibadilisha faili la workflow lenyewe ndani ya PR yake?

Jibu: Swali zuri sana. Ndiyo, kwa `pull_request` linalosomwa ni lile lililomo kwenye PR. Ndiyo maana ulinzi hauwi ndani ya faili, unakuwa kwenye kunyimwa siri na ruhusa. Nenda kwenye mipangilio ya Actions, udai idhini yako kabla workflow haijaendeshwa kwa wachangiaji wote wa nje, na kabla hujabonyeza kuidhinisha angalia kama wamegusa `.github`. Tena usiunganishe kompyuta yako ya nyumbani kama mashine ya kuendeshea mradi wa wazi. Hapo mgeni anaingia hadi sebuleni.

Swali: Nataka matokeo yaandikwe kama maoni chini ya PR. Bila ruhusa ya kuandika nifanyeje?

Jibu: Gawa mara mbili. Workflow ya kwanza ijenge na kuhifadhi matokeo kama faili. Ya pili iamshwe na `workflow_run` (tukio la workflow nyingine kumalizika), isome faili hilo na kuandika maoni, bila kuugusa msimbo wa mgeni. Lichukulie faili kama barua kutoka kwa mtu usiyemjua: ukitarajia namba, hakikisha ni namba.

Mchango: Nyongeza kwa wenye bando dogo, programu iitwayo act inaendesha workflow kwenye kompyuta yako kwa Docker (programu ya kuendesha mazingira yaliyotengwa). Ile taswira ya kwanza, yaani faili la mazingira hayo, ni nzito, ishushe kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Jibu: Asante mkuu. Na wanaolia kwamba faili halisomeki: YAML, muundo wa faili la workflow, haikubali tabu mwanzoni mwa mstari, weka nafasi.