Somo: Kuandika andiko la ruzuku kwa mradi wa bahari, kuanzia mwambani hadi kwenye bajeti

Ndugu wanachama, salaam.

Tangu bamvua lililopita (siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kukupwa sana) mmeniandikia kutoka Mbweni, Kunduchi, Mjimwema hadi Pemba Mnazi, na swali ni lile lile: pesa za wafadhili za kuhifadhi bahari zinapatikanaje? Nitajibu kwa hatua, nikitumia mradi mmoja wa kufundishia. Tuchukulie kuna kikundi pwani ya Kigamboni kinachotaka kufunga mwamba wa pweza, yaani kusimamisha uvuvi hapo, kwa miezi mitatu.

Andiko la kwanza kabisa tuliloandika mimi na wenzangu lilihusu kuokoa bahari yote ya Dar es Salaam. Likakataliwa kwa barua ya mistari miwili. La pili lilihusu mwamba mmoja, ambao kila mama anayevua pweza kwa miguu anaujua kwa jina na anajua unaibuka saa ngapi maji yakikupwa. Hilo likapita. Shikeni hilo tunapoendelea: andikieni mwamba mnaoujua.

HATUA YA 1: Nenda dikoni na daftari

Kompyuta baadaye. Kwa mwezi mzima, yaani bamvua mbili, kaeni dikoni, pale vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, mkiwa na mizani. Kila anayerudi na pweza, andika: amevua kwa miguu au kwa mtumbwi, mwamba gani, pweza wangapi, kilo ngapi, ameuza bei gani. Hizi ndizo takwimu zenu za mwanzo. Bila hizo, siku mwamba utakapofunguliwa hamtaweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba kuna kilichobadilika, hata kama mtakuwa mmeona kwa macho yenu pweza wakubwa wakitolewa mapangoni.

Kisha kaeni na wazee. Waulizeni mwamba ulikuwaje zamani na uliharibika lini, kwa sababu gani. Hapa msiwe na haraka, maana kila chanzo kina dawa yake. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kali wakati wa El Niño, na matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Hilo ni tatizo moja. Baruti ni tatizo jingine: bomu huvunja matumbawe yakawa kifusi, kifusi hutikiswa na mawimbi, na matumbawe machanga hayawezi kushika juu ya kitu kinachotikisika, hivyo mahali hapo hubaki uchi kwa miaka mingi. Kupindua mawe na kuvunja mapango kwa nondo wakati wa kutafuta pweza ni la tatu. Andiko linalosema tu "mazingira ya bahari yameharibika" halimwambii msomaji ni lipi kati ya hayo mnakwenda kulitibu.

Wenye ndoto ya mikoko nao wanisikilize. Tuliwahi kupanda mikoko kwenye uwanda wa mchanga wenye nyasi bahari, kwa sababu ulikuwa wazi na karibu na barabara. Upepo wa kusi ulipovuma, miche yote ikang'olewa, na nyasi bahari ambazo samaki wachanga hujificha ndani yake tulikuwa tumezikanyaga. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana ndio husimama mbele kabisa kuelekea bahari, mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, mkandaa huwa ndani zaidi, na mchu unaweza kuuona mbele na nyuma kabisa. Mahali pasipokuwa na mikoko tangu enzi za babu, uliza kwanza kwa nini haikuota. Msomaji wa andiko anayeijua kazi yake atawauliza hilo hilo.

HATUA YA 2: Ruhusa na ridhaa

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yaliyotengwa kisheria kuhifadhi bahari, kwa hiyo mlango wa kubisha hodi ni Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mikoko ni misitu ya hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Miamba iliyo nje ya maeneo tengefu, anzeni na BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi pwani) na afisa uvuvi, kwa sababu ndiye anayejua utaratibu wa kupitisha sheria ndogo halmashauri. Mwamba uliofungwa bila sheria ndogo umefungwa kwa maneno tu. Wa diko jirani akija kuvua hamna cha kumshika nacho.

Ruhusa ya ofisi haitoshi. Itisheni mkutano wa mtaa, na hakikisheni kina mama wanaovua kwa miguu wamo na wanasema. Mwamba unapofungwa, wa kwanza kukosa mboga ni mama wa miguu, kabla ya mwenye boti anayeweza kwenda kwingine. Kikao kikikubaliana mwamba upi, kwa muda gani, na mama huyo atakula nini katika muda huo, andikeni muhtasari, mahudhurio, saini na muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo.

HATUA YA 3: Chagueni mfadhili anayewafaa

Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), iliyoanzishwa mwaka 1992 na kusimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hutoa ruzuku kwa vikundi vya jamii na mashirika ya kiraia. Kwa kikundi cha diko hapo ndipo pa kuanzia. Rufford Foundation ya Uingereza huwapa fedha wahifadhi wanaoanza kazi, hivyo humfaa kijana mmoja mwenye utafiti au mradi mdogo. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi chenye makao Zanzibar, kina ruzuku za utafiti. Someni tangazo la mwaka husika, kwa sababu viwango na tarehe hubadilika.

HATUA YA 4: Andika

Aya ya tatizo iwe fupi na iwe na namba zenu za dikoni. Mfano, jazeni wenyewe: "Katika bamvua mbili za mwezi ___, wavuvi ___ walileta pweza ___ kutoka mwamba wa ___. Kati yao, ___ walikuwa chini ya nusu kilo. Wazee wanasema zamani mvuvi mmoja wa miguu alirudi na ___. Sasa hurudi na ___." Inatosha. Msiongeze historia ya uchafuzi wa bahari duniani.

Kisha elezeni kwa nini kufunga kunasaidia. Pweza wa miamba yetu huishi muda mfupi, karibu mwaka mmoja na kitu, na hukua haraka mno. Jike hutaga mara moja maishani, hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa. Ukimpa miezi miwili au mitatu bila kumsumbua, mdogo anakuwa wa kilo zinazouzika, na wengine wanafikia kutaga. Wavuvi wa Andavadoaka huko Madagaska walianza kufanya hivyo mwaka 2004, na vijiji vingi vya pwani ya Afrika Mashariki vimeiga. Semeni wazi pia kwamba kuufunga mwamba hakuyarudishi matumbawe yaliyokufa. Msomaji humwamini anayejua mwisho wa dawa yake.

Lengo lipimike kwa mizani ile ile ya hatua ya kwanza: uzito wa wastani wa pweza, na kilo kwa mvuvi kwa siku, kabla ya kufunga na siku za kufungua. Mkiandika "kuongeza uelewa wa jamii", mtaupima kwa kipimo gani?

HATUA YA 5: Kalenda na bajeti

Hapa maandiko mengi ndipo yanapozama.

Kalenda ifuate bahari. Mfadhili wa mbali hajui kwamba Juni na Julai upepo wa kusi huwafunga wenye mitumbwi nchi kavu, wala kwamba siku za maji mafu, maji yanapokupwa kidogo tu, mwamba hauibuki. Pangeni siku ya kufungua iangukie bamvua, ili kina mama nao wavune kwa miguu. Mkiufungua mwamba siku ya maji mafu, faida yote itachukuliwa na wazamiaji wenye miwani, na mwaka unaofuata hakuna mama atakayekubali kufunga tena.

Bajeti ianze kwenye shughuli, isianze kwenye jumla. Chukua doria ya boti ya kulinda mwamba uliofungwa. Mara 2 kwa wiki, kwa wiki 12, ni safari 24. Kila safari lita 20 za petroli, jumla lita 480. Tuseme lita ni shilingi 3,200: unapata shilingi 1,536,000. Andika mstari wote huo, usiandike "mafuta, milioni mbili". EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, ambatanisha tangazo la mwezi unaoandika. Fanya hivyo kwa maboya, kamba, nanga, majaketi ya kuokolea, mizani na chai ya mkutano. Kwa kila kitu kikubwa, tafuteni ankara kifani (karatasi ya bei kabla ya kununua) tatu kutoka maduka matatu.

Wafadhili wengi watauliza mchango wenu. Boti ya mwanachama, ofisi ya mtaa mnayokutania na siku za kazi za kujitolea vyote vina thamani. Vikadirieni kwa bei ya kukodi hapo hapo kwenu na mviandike.

HATUA YA 6: Kutuma

Mpeni mvuvi asiyehusika asome kwa sauti. Akikwama, rekebisheni. Tumeni siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu umeme na intaneti havina ahadi. Tunzeni nakala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kunduchi: Mwalimu shikamoo. Sisi ni BMU, hatuna usajili wa NGO. Tunaruhusiwa kuomba?

Marahaba. BMU inatambuliwa na sheria ya uvuvi, na wafadhili wa vikundi vya jamii huwapokea watu kama nyinyi. Watakachotaka ni cheti chenu, katiba, na akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili. Hilo la akaunti msilichezee: fedha isipitie simu ya katibu hata siku moja. Mkiamua kupitia NGO iliyosajiliwa, andikianeni mkataba kwanza, useme nani ananunua, nani anatunza boti mradi ukiisha, na wao wanakata kiasi gani cha uendeshaji. NGO yenyewe ina wajibu wa kuripoti kwa Msajili, hasa fedha zikizidi shilingi milioni 20, hivyo waulizeni mapema.

Mwanachama, Mjimwema: Kiingereza chetu ni cha kuunga. Tufanyeje?

Andikeni Kiswahili kwanza, mkubaliane neno kwa neno, ndipo mtafute mtafsiri. Awe mtu anayejua bahari. Niliwahi kuona dema, mtego wa kusuka, likigeuzwa kuwa wavu, na mradi mzima ukaonekana unahimiza nyavu mahali ambapo kikundi kilitaka kuziondoa. Majina kama dema, jarife na kokoro yaacheni yalivyo, kisha yaelezeni kwa sentensi moja.

Mwanachama, Ununio: Kuna mtu anasema yuko karibu na wafadhili, tumpe asilimia 10 atupitishie. Tumekaa kikao, nusu wanakubali.

Ndugu yangu, mrudisheni alikotoka. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba, na asilimia hiyo hamtakuwa na mahali pa kuiandika kwenye ripoti. Itawalazimu kutengeneza risiti ya uongo, na siku ya ukaguzi kikundi chote kitaitwa, wale nusu waliokataa wakiwemo. Mtu wa kuwasaidia kuandika mlipeni kwa siku za kazi, kwa makubaliano ya maandishi, kutoka mfuko wenu wenyewe.

Mama wa BMU, Pemba Mnazi: Mwalimu, mwamba ukifungwa miezi mitatu sisi tutapeleka nini nyumbani? Na posho inaruhusiwa?

Mama, swali lako ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Posho ya kukaa nyumbani mfadhili hataitoa, na hata akitoa, ikiisha kila mtu atarudi mwambani siku hiyo hiyo. Kinachowezekana ni kufunga sehemu moja tu ya mwamba, kama robo, sehemu nyingine ikabaki wazi. La pili, kazi za mradi zenyewe zilipwe kwa siku na kina mama wawemo: kupima pweza, kulinda maji yakikupwa, kuandika daftari. La tatu, kama mna VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), tengeni mfuko wa miezi hiyo mitatu kabla ya kufunga, urudishwe siku za kufungua. Yaandikeni yote matatu kwenye andiko, na katika mkutano useme wewe mwenyewe kama yanatosha. Yasipotosha, mwamba usifungwe kwanza.

Mwanachama, Mbweni: Kwenye doria tukikutana na wapiga mabomu tuwakamate?

Hapana. Andiko liseme wazi kwamba kazi ya kikundi ni kuona, kuandika na kutoa taarifa, na kukamata ni kazi ya Polisi Wanamaji na maofisa wenye mamlaka. Andikeni saa, eneo, rangi ya boti na idadi ya watu, mkiwa mbali. Wekeni namba ya simu mliyokubaliana na polisi kabla ya doria ya kwanza, majaketi ya kila mtu, na bima ya watu wa doria kwenye bajeti. Mfadhili akifuta mstari wa bima, futeni na doria za usiku.

Mwanachama, Kigamboni: Tumekataliwa mara mbili. Tuombe tena huko huko?

Waandikieni kwa heshima muulize sababu. Wengine hujibu, na jibu hilo ni mali. Kisha nendeni dikoni bamvua lijalo mkaongeze mwezi mmoja wa kupima. Nitumieni aya ya tatizo peke yake, bila bajeti, nami nitaisoma kabla ya maji kukupwa tena.