Jogoo Mwekundu, Koo wa Mistari

Mara ya kwanza nilipojaribu kupandisha kuku ili vifaranga wa kike na wa kiume watambulike kwa rangi tangu siku ya kuanguliwa, nilitotolesha vifaranga 26. Wote weusi, wote na doa jeupe utosini. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mwenye doa ni dume, basi nikainamia kasha lile nikiwageuza mmoja mmoja, nikajiuliza ni bahati gani hii ya kupata majogoo matupu. Miezi michache baadaye karibu nusu yao wakaanza kutaga. Kosa lilikuwa langu: niliweka jogoo wa mistari kwa matetea wekundu, nikidhani mradi rangi ni mbili, nani ni baba na nani ni mama si hoja.

Ndiyo hoja yenyewe. Kwa kuku, dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) Z mbili, na jike ana Z moja na W moja. Kila tembe, yaani jike mchanga, hupewa W na mama yake, na Z yake pekee hutoka kwa baba. Kinasaba cha mistari myeusi na myeupe kimekaa kwenye Z, na W haina habari nacho. Kwa hiyo koo wa mistari huwarithisha wanawe wa kiume tu, na binti zake huambulia cha baba. Jogoo akiwa hana mistari, watoto wanajitenga wenyewe: pora, yaani madume wachanga, wana mistari, ambayo siku ya kuanguliwa hujionyesha kama doa jeupe utosini, na tembe hawana. Ukipindua kama nilivyopindua mimi, baba anawagawia wote, na hutambui kitu.

Jogoo ninayemtumia ni wa mbegu nyekundu iitwayo Rhode Island Red. New Hampshire naye anafaa. Makoo ni Plymouth Rock wa mistari. Usikubali jogoo “mwekundu hivi hivi” ambaye hujui asili yake. Mtazame shingoni, mabawani na mkiani, na ukiona hata dalili ya mistari, mwache.

Iko njia ya pili, ya jogoo huyo huyo kwa koo mweupe wa mbegu ya Light Sussex. Hapo tembe hutoka wa rangi ya kahawia au wekundu, na pora hutoka wa manjano iliyopauka. Ila usidhani kila koo mweupe atafanya hivyo. Leghorn mweupe ana weupe wa kufunika rangi nyingine zote, na watoto wake huja weupe wake kwa waume. Mimi naona njia ya mistari ni rahisi zaidi kwa anayeanza, maana kwa koo wa mistari unachokihitaji kiko wazi mgongoni mwake.

Sasa subira. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Kama makoo wako walikuwa na jogoo mwingine, watenge wiki 3 kamili kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha. Mayai ya siku hizo kula tu. Nilipuuza hili mwaka mmoja, nikapata vifaranga wa baba wawili katika trei moja, na ubashiri wangu ukawa wa mganga. Ukishamwingiza jogoo wako, makoo 8 hadi 10 wanamtosha. Mpe wiki moja, kisha anza kuokota.

Kutotolesha kwenyewe ni kule kule unakokujua: mayai yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, yaliyokaa mahali pa baridi kiasi, ncha chini. Kwenye mashine yenye feni, nyuzi 37.5, siku 21. Kuku anayeatamia hahitaji somo langu.

Siku ya kuanguliwa usiwe na haraka. Manyoya yakiwa bado mabichi hulala yakaficha doa, nami kwa pupa hiyo nimewahi kudhani pora wawili ni tembe. Ngoja wakauke, watoe kwenye mwanga wa mchana, mshike kifaranga kiganjani, umtazame utosini tu. Tumboni na kwenye ncha za mabawa jike naye huwa na weupe, na hapo ndipo wengi hupotea. Doa la dume laweza kuwa pana, au dogo kama punje ya dengu. Ukitia shaka, puliza manyoya ya utosi taratibu: weupe ukijitokeza, ni dume. Mweusi tititi kichwani ni tembe. Wafunge pete za miguu papo hapo, ingawa baada ya wiki chache pora wataota mistari na kuthibitisha wenyewe.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama chotara hawa wakipandishwa wao kwa wao mambo yataendelea. Hayaendelei. Pora ana nakala moja tu ya mistari, na tembe hana hata moja, hivyo watoto wao wa kike na wa kiume hutoka mchanganyiko, wenye doa na wasio na doa. Anayetaka ukoo unaojitambulisha kizazi hata kizazi atafute Legbar, mbegu iliyotokana na kazi ya mwanasayansi wa urithi Reginald Punnett na wenzake kule Cambridge, Uingereza. Humo kila kuku ana mistari, ila dume ana nakala mbili na jike moja, kwa hiyo dume huanguliwa akiwa amepauka na jike ana mstari wa kahawia iliyokolea mgongoni. Mimi sijahamia huko. Pora wangu huenda chunguni, tembe hubaki kutaga, na kila msimu narudi kwa wazazi wale wale, ambao nimewajengea banda lao peke yao lenye kufuli.