Kivumishi hiki ni cha nani? Kutafsiri maelezo ya mimea kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza

Nimekulia Buyenzi, Bujumbura: nyumbani Kiswahili, darasani Kifaransa. Sasa niko Nairobi, na kazi inayonilisha ni kutafsiri maelezo ya mimea kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kazi hii haikauki, maana mimea haijui mpaka. Mti ulioota Uvira huota na Kigoma. Ila magharibi mwa Ziwa Tanganyika wataalamu waliuandika kwa Kifaransa, katika mfululizo wa vitabu ulioanza kuchapishwa mwaka 1948, na mashariki ukaandikwa kwa Kiingereza, katika mfululizo wa Afrika Mashariki uliotoka kati ya 1952 na 2012. Anayetaka kulinganisha anahitaji mtu wa kumvusha.

Majina ya sehemu za mmea hayanisumbui, kamusi inayo. Vinavyosumbua ni vivumishi.

Chukua "fruits à graines noires". Kwa Kifaransa tunda ni la kiume na mbegu ni ya kike, kwa hiyo "noires" ni ya mbegu. Ingeandikwa "noirs", lingekuwa tunda ndilo jeusi. Tofauti ni herufi moja. Mwaka wangu wa kwanza niliiruka herufi hiyo, nikaandika "black fruits with seeds" palipotakiwa "fruits with black seeds", na mtu aliyeniamini akazunguka msituni akitafuta tunda jeusi, kumbe ni jekundu. Jambo hilo liliniuma sana.

Tangu hapo, kabla ya kugusa Kiingereza, naiandika sentensi kwa Kiswahili pembeni ya karatasi, kwa penseli. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu ngeli zetu hazikubali kivumishi kisicho na mwenyewe. Mbegu nyeusi, matunda meusi: huwezi kuandika neno hilo bila kuamua ni la nani.

Faida yenyewe inaonekana pale Kifaransa chenyewe kinaponyamaza. "Grappes de fleurs pendantes": kishada ni cha kike, ua ni la kike, yote yako katika wingi. Sasa iandike kwa Kiswahili. Vishada vya maua vinavyoning'inia, au vishada vya maua yanayoning'inia? Penseli inasimama kwenye ile "vi" au "ya", na hapo ndipo unapogundua kwamba hukuwa umeelewa. Kiingereza nacho kinataka uchague, "pendulous racemes" au "pendulous flowers", lakini mkono uliozoea huchagua wenyewe bila kukuuliza.

Usitegemee mwisho wa neno peke yake. "Glabre", "lisse", "grêle" na "simple" hazibadiliki kwa jinsia, kwa hiyo "feuilles à pétioles glabres" haisemi kama visivyo na vinyweleo ni vikonyo au ni majani. Rangi ndizo mbaya zaidi: "orange" na "marron" hazipatani na nomino yoyote, wala rangi za maneno mawili kama "vert jaunâtre". Ukikwama, tafuta kwanza mkato: mara nyingi kivumishi kilichotengwa kwa mkato kinarudi kwenye nomino ya mwanzo. Kisha soma maelezo ya spishi jirani, kwa kuwa mwandishi yule yule hupanga maneno yake kwa mtindo ule ule. Mwisho, tazama kielelezo chenyewe kilichokaushwa. Bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, imeweka mtandaoni picha za vielelezo vyake vya Afrika, nami huzikuza mpaka nione vinyweleo.

Kuna mahali Kiswahili nacho huteleza. Matawi na majani yako ngeli moja. Basi "rameaux" naziandika "vitawi", ambavyo ndivyo vilivyo, na upatanisho unarudi.

Aina ya pili ya utata ni neno moja la Kifaransa lenye maneno kadhaa kwa Kiingereza. "Persistant" kwa majani ni "evergreen". Kwa ile kofia ya kijani inayobaki juu ya biringanya ni "persistent". "Caduc" kwa mti unaopukutisha majani ni "deciduous", lakini tazama ncha ya kitawi cha mkuyu: kile kifuniko chembamba cha chipukizi hudondoka jani likifunguka na kuacha alama kama pete. Hicho ni "caducous". "Simple" kwa jani la mwembe ni "simple", kwa shina lisilo na matawi ni "unbranched", kwa ua la bustani ni "single". "Spontané" usiifanye "spontaneous" hata siku moja, maana yake mmea umejiotea: "wild".

Kwa "épineux", yaani "-enye miiba", penseli yangu haisaidii, kwa sababu sisi tuna mwiba tu. Kiingereza kina mitatu: "thorn" ni tawi lililogeuka, "spine" ni jani au sehemu ya jani, "prickle" ni chipuko la ngozi. Shika shina la mwaridi, usukume mwiba kwa ubavu kwa kidole gumba: unabanduka wote na kuacha kovu laini. Ule ni "prickle". Jaribu kwenye mlimau: haubanduki, ukilazimisha unachana gome, kwa kuwa ni tawi. Mgunga nao hubeba miiba miwili miwili chini ya jani, nayo ni "spines". Kwa hiyo "épineux" siitafsiri kabla sijajua mwiba umetoka wapi.

Na "pourpre" si "purple" moja kwa moja. Ya Kifaransa inaelekea kwenye wekundu wa damu, ya Kiingereza kwenye zambarau. Mimi huandika "reddish purple" au "crimson" baada ya kuona picha ya ua bichi, kwani ua lililokaushwa hudanganya rangi.

Kikibaki kivumishi kisichopata mwenyewe, sikibahatishi. Naacha alama, na kumwandikia aliyenipa kazi swali analoweza kulijibu kwa neno moja: kinachoning'inia ni kishada au ni ua?