Namna muuguzi wa wodi ya kawaida anavyoweza kuitunza afya ya akili ya mgonjwa wake

Mgonjwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari hatamwambia muuguzi kwamba ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Atasema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, kichwa kimejaa au usingizi umemkimbia. Na huenda asiseme lolote, akageukia ukutani kila chakula kinapoletwa. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya muuguzi wa wodi ya tiba, ya upasuaji au ya wazazi katika hospitali ya wilaya, ambaye hakubobea katika magonjwa ya akili na ambaye mtaalamu wa kumsaidia yuko mbali, lakini ambaye ndiye anayekaa na mgonjwa usiku na mchana na kuyasikia maneno hayo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Anza na mwili. Mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri jana na leo anaongea ovyo, anawaona watu wasiokuwapo, anasinzia mchana na kuhangaika jioni, huyo mara nyingi amechanganyikiwa kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, na kumwita kichaa au kuharakisha kumfunga kitandani ni kosa linaloweza kumgharimu maisha. Pima sukari ya damu, joto, oksijeni, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Fikiria malaria kali, maambukizi, upungufu wa maji na mkojo uliozuilika, hasa kwa wazee. Kisha pitia chati ya dawa, kwa maana baadhi ya dawa, kama saikloserini inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, zinaweza kuvuruga akili. Uliza pia habari za pombe bila kumhukumu mtu. Aliyezoea kunywa kila siku huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku moja baada ya kulazwa, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kupoteza fahamu zake za mahali na wakati. Hali hiyo ni ya dharura na daktari aitwe mara moja.

Ukishajiridhisha kuhusu mwili, tafuta nafasi ya kuzungumza. Wodi zetu zimejaa, vitanda vimekaribiana, na faragha ya kweli ni adimu, kwa hiyo tumia nafasi ambazo kazi yenyewe inakupa: unaposafisha kidonda nyuma ya pazia, unapomsindikiza kwenda kupigwa picha, au saa ndugu zake wanapokuwa wamekwenda kununua chakula. Msalimie kama umri wake unavyotaka, umwite kwa jina la heshima analolizoea nyumbani, ukae chini ili macho yenu yalingane. Kisha anza na ulichokiona: “Shikamoo mzee. Tangu juzi naona sahani inarudi kama ilivyokuja. Moyo wako ukoje?” Baada ya hapo nyamaza. Wengi wetu tunashindwa hapo, kwa sababu kimya kinatutia hofu na tunakijaza kwa maneno kama “jikaze” au “mwachie Mungu”, ambayo hata yakitoka kwa nia njema humfundisha mgonjwa kwamba hatuko tayari kumsikia. Mwache alie akitaka kulia. Anapomaliza, mrudishie kwa kifupi ulichokielewa, ukitumia maneno yake mwenyewe, ili akusahihishe pale ulipokosea.

Dalili za sonona zikionekana kudumu, tumia dodoso la kuipima liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi hutosha kumpeleka mgonjwa kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Lisome kwa sauti pamoja naye badala ya kumkabidhi karatasi. Kumbuka pia kwamba uchovu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi vinaweza kuletwa na ugonjwa uliomlaza, hivyo sikiliza kwa makini zaidi anapozungumzia kukosa raha, kukata tamaa na kujiona hafai. Swali la tisa, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, likijibiwa kwa alama yoyote juu ya sifuri lishughulikiwe siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wauguzi wengi wanaporudi nyuma. Inaaminika sana kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumpandikizia wazo hilo. Si kweli, aliyelibeba wazo hilo peke yake kwa siku nyingi mara nyingi hupata nafuu anapoulizwa. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: “Watu wengine wakilemewa namna hii hufika mahali wakaona heri kufa. Wewe mawazo hayo yamekujia? Umefikiria kujiua?” Akikubali, endelea: amefikiria afanyeje, je, kitu hicho anacho au anaweza kukipata, amewahi kujaribu, na ni nini kilichomzuia mpaka leo. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu wawili. Mwambie kwamba utawashirikisha wale tu wanaohitajika ili awe salama. Mhamishie kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, ondoa wembe, kamba na dawa zilizo kwenye kabati lake, hakikisha haachwi peke yake hata anapokwenda chooni, na umwite daktari. Kwa kuwa sheria ya Tanzania imekuwa ikilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mgonjwa na ndugu zake wanaweza kusema alikunywa sumu ya wadudu kwa bahati mbaya. Usiwabishie wala usiwatishe, kwa maana mgonjwa anayehisi yuko mahakamani hatakueleza kilichomfikisha hapo.

Katika wodi ya wazazi kuna jambo linalotaka haraka ya pekee. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida na hupita yenyewe, lakini mama asiyelala kabisa, anayeongea mambo yasiyoeleweka au kusema mtoto si wake, hasa katika wiki mbili za kwanza, anahitaji daktari siku hiyo hiyo, naye na mtoto wasiachwe bila mtu. Familia ikisema ni majini, usianze ubishi. Waambie kwamba dua na dawa vinaweza kwenda pamoja, ila dawa isikatizwe.

Kwa wagonjwa wengine, msaada mkubwa umo katika mambo ambayo hayaitwi tiba. Tuliza maumivu kwanza, kwani hakuna ushauri unaoingia kwa mtu anayeumia. Panga dawa na vipimo vya usiku vifanyike pamoja ili mgonjwa apate saa kadhaa za kulala bila kuamshwa, na mchana mkalishe penye mwanga, umpe jambo dogo analoweza kulifanya mwenyewe, kama kunawa uso au kuchana nywele. Mweleze kila hatua kabla ya kuifanya. Mgonjwa asiyejua atapasuliwa lini hutunga majibu yake mwenyewe, nayo huwa ya kutisha kuliko ukweli.

Daktari akiandika dawa ya sonona, kama fluoksetini au amitriptilini, mweleze mgonjwa kwamba nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa ilhali madhara madogo, kama kinywa kukauka au kichefuchefu, yanaweza kutangulia. Asipojua hili ataiacha siku ya tano akidhani haimfai. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo. Kwa aliyewahi kutaka kujidhuru, mwombe daktari itolewe ya wiki moja tu, na ndugu mmoja aitunze.

Kwenye faili andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. “Anasema haoni sababu ya kuamka” humsaidia wa zamu inayofuata kuliko “mgonjwa ana huzuni”. Wakati wa kukabidhiana zamu, habari hizi zisisomwe kwa sauti kando ya kitanda chake. Na siku ya kuruhusiwa, usimwachie mgonjwa peke yake kazi ya kukumbuka: andika tarehe ya kurudi kliniki, jina la ndugu atakayemsindikiza, namba ya simu ya huyo ndugu, na mahali pa kwenda usiku iwapo mawazo ya kufa yatarudi kabla ya tarehe hiyo.