Beetle iliyofufuliwa inauzwa: anza uvunguni, rangi baadaye

Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu kuhusu Volkswagen Beetle moja nyekundu, gari la zamani lenye injini nyuma, inayouzwa hapa Mombasa. Wote wananisimulia rangi: inang'aa mpaka unajiona. Nami ya kwanza niliinunua hivyohivyo. Mvua ya kwanza tu, nikikata dimbwi Kisauni, miguu ikalowa. Nikafunua zulia nikakuta kipande cha bati kimebandikwa kwa lami juu ya kutu. Ndiyo maana somo hili linaanzia chini. Chukua tochi, bisibisi, sumaku iliyofungwa kitambaa, na vaa nguo usiyoionea uchungu.

Hatua ya 1: Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, gusa injini kabla hamjaamkiana vizuri. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Injini iliyochoka huwaka kirahisi ikishapata moto. Ukweli wake utauona ikiwa baridi.

Hatua ya 2: Lala chini. Hapa chukua nusu saa nzima, usione haya. Chini ya kila mlango kuna boksi refu la bati linalopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Watu hudhani ni pambo, kumbe ndilo linaloipa bodi nguvu. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, filla (lile rojo gumu la kuzibia mashimo ya bodi) hunyamaza. Pitisha sumaku, pale isiposhika, kuna filla nene chini ya rangi. Kisha piga jeki nyuma, tairi moja ipae, ufungue mlango na kuufunga. Ukigoma au ukikwaruza, bodi inakunjika, na hapo rangi haina la kukusaidia.

Nyanyua siti ya nyuma. Betri inakaa hapo upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu iliyo chini yake. Halafu nenda mbele, toa tairi ya spea, umulike kisima chake. Kwa magari ya pwani, hapo ndipo chumvi hulala.

Hatua ya 3: Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini, isukume ndani na kuivuta nje. Mchezo unaoruhusiwa hauzidi milimita 0.15, yaani mkono usisikie kitu. Ukisikia "tok", injini itashushwa na kupasuliwa. Kushusha ni boliti nne tu. Kupasua ndiko kunakomaliza pesa. Angalia pia mipira ya petroli. Ikiwa imepasukapasuka, ibadilishwe hapohapo kabla hujaondoka. Beetle nyingi zimeungua kwa mpira wa bei ndogo kama huo.

Hatua ya 4: Namba. Ya chasi imepigwa kwenye uti wa chuma, chini ya siti ya nyuma. Kwa zile za kati ya 1965 na 1969, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli: inayoanza 118 ni ya 1968, hata muuzaji aape ni ya 1962. Linganisha na logbook. Kisha muuzaji mwenyewe aanzishe uhamisho wa umiliki wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa umekaa naye. Usikubali "nitakutumia kesho".

Hatua ya 5: Barabarani. Panda nayo mlima wa Mazeras. Gia isiruke, breki isivute upande, na usukani usiwe na uhuru mwingi. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka njiani, simama papo hapo. Mkanda unaozungusha jenereta ndio huohuo unaozungusha feni, na injini hii haina maji ya kuipoza, inategemea upepo wa feni. Ukisema "nifike nyumbani kwanza", utafika bila injini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Muuzaji anasema gari limefanyiwa kila kitu, ila picha za kazi hana. Nimwamini?

Jibu: Marahaba. Fundi aliyekata bati bovu na kuchomelea jipya hupiga picha, maana ndiyo kazi anayojivunia. Bila picha, hesabu kwamba umeuziwa rangi, na bei iwe ya rangi.

Swali, Nakuru: Taa zake ni hafifu kama kibatari. Waya zimekufa?

Jibu: Soma betri kwanza. Nyingi za kabla ya Agosti 1967 ni za volti 6, na taa zake ndivyo zilivyo. Kubadilisha kwenda volti 12 kunawezekana, lakini balbu, jenereta na mota ya waipa vyote vinaguswa. Uliza gharama mapema.

Swali, Likoni: Bro, spea nitapata wapi? Gari la babu!

Jibu: Babu, lakini Mexico waliendelea kuitengeneza mpaka Julai 2003. Spea za injini hazisumbui. Vinavyosumbua ni vioo, mapambo na mipira ya milango, kwa hiyo usinunue iliyopungukiwa navyo.

Swali, Thika: Oili?

Jibu: Lita 2.5, na haina filta, ina chujio la waya tu. Imwage kila kilomita 5,000, na tapeti (nafasi za valvu) zirekebishwe siku hiyohiyo injini ikiwa baridi.

Swali, Mombasa: Huyo wa nyekundu ameniambia bei iko juu kwa sababu Volkswagen ilishinda Safari Rally.

Jibu: Ni kweli, 1962 Tommy Fjastad alishinda nayo. Mwambie akuonyeshe Fjastad kwenye logbook. Nimeshalala chini ya hiyo nyekundu: boksi la mlango wa kushoto limejaa filla, mwanzo mpaka mwisho. Ukiitaka bado, toa kwenye bei yake gharama ya maboksi mawili na mchomeleaji.